Kuitazama protini ikivishwa sukari: shajara ya mradi wa invatasi ya hamira

Kabla ya kuanza

Masomo mengi ya protini huishia kwenye ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli. Jeni inanakiliwa, nakala yake (mRNA) inasomwa, mnyororo wa asidi amino unatoka, sura inafungwa. Lakini protini inayokusudiwa kutoka nje ya seli, ikiachwa hapo, haifai kitu. Itakatwa kipande cha mwanzo, itakunjwa, itavishwa sukari, sukari nyingine zitapunguzwa na nyingine kuongezwa, ndipo isafirishwe. Insulini ya binadamu huanza ikiwa mnyororo wa asidi amino 110 na kuishia na 51 tu; zilizobaki zote hukatwa njiani. Nimefundisha mambo haya kwa michoro ya mishale miaka mingi, na kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kuuliza, "Mwalimu, hayo waliyaonaje?" Mradi huu nimeufanya kwa ajili yake.

Lengo ni moja: kuonyesha kwa macho, kwenye jeli (bamba laini ambamo umeme huzivuta protini, ndogo zikikimbia mbele ya kubwa), protini ileile ikiwa katika hali tatu, yaani bila sukari, ikiwa na sukari za mwanzo, na ikiwa na vazi zima. Bila kingamwili, bila mionzi.

Nimechagua invatasi ya hamira, kimeng'enya kinachovunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Sababu ya kwanza ni kwamba jeni yake, SUC2, hutoa mRNA mbili. Marian Carlson na David Botstein walilionyesha hilo mwaka 1982. Ile ndefu ina maagizo ya kipande cha ishara cha asidi amino 19, ambacho huielekeza protini kuingia kwenye retikulamu ya endoplazimu, vyumba vya ndani ya seli ambako protini za nje huanzia safari. Ile fupi haina kipande hicho kikamilifu, kwa hiyo protini yake hubaki ndani ya saitoplazimu, yale majimaji ya ndani ya seli, na haivishwi sukari kamwe. Seli moja basi inakupa protini iliyosafiri na isiyosafiri, na kazi yao ni ileile.

Sababu ya pili ni rangi. Glukosi na fruktosi zikichemshwa pamoja na tetrazoliamu ndani ya maji ya magadi makali, tetrazoliamu isiyo na rangi hugeuka nyekundu. Palipo na invatasi kwenye jeli ndipo panapokuwa pekundu.

Nimeandika makosa kwa kirefu na hatua za kawaida kwa ufupi. Atakayerudia kazi hii atanufaika zaidi na makosa.

3 Februari: hamira na vifaa

Tuna aina mbili za hamira ya maabara. Moja ni ya kawaida yenye SUC2 nzima. Hakikisha hili kabla ya kuagiza, maana aina nyingi za maabara jeni hii imefutwa makusudi. Nyingine ni sec18-1, yenye kasoro inayojitokeza kwa joto tu: kwenye nyuzi 24 huishi kama kawaida, kwenye nyuzi 37 usafirishaji kutoka retikulamu kwenda Golgi, kituo kinachofuata cha safari, husimama. Kundi la sec, yaani hamira zenye kasoro za usafirishaji, lilianza kutafutwa na Peter Novick na Randy Schekman miaka ya 1970, na makala yao ya kwanza ilitoka 1979. Schekman aligawana Tuzo ya Nobel ya 2013 na James Rothman na Thomas Südhof. Linalonigusa katika habari hiyo ni kwamba protini ya Sec18 ya hamira na protini ya NSF, ambayo Rothman aliitoa kwenye seli za wanyama kwa njia tofauti kabisa, ziligundulika kuwa ni jamaa wa kazi moja.

Vingine: shanga za kioo za nusu milimita, bafa ya asetati ya pH 5.1 (maji yanayoshikilia kiwango cha asidi), akrilamidi ya kutengenezea jeli, tetrazoliamu, soda kali, bafu la maji, barafu, na karatasi za kupimia glukosi. Akrilamidi kabla ya kuganda ni sumu ya neva. Glavu hazivuliwi.

10 Februari: jeli ya 1, tupu

Tulikuza hamira ya kawaida, tukaipasua kwa shanga, tukaendesha jeli, tukatia rangi. Hakuna kitu. Jeli ilikuwa safi kama kioo.

Kosa lilikuwa la mazoea. Mwenzangu, ambaye ameendesha jeli nyingi kunizidi, alichanganya sampuli na kemikali za SDS na DTT kisha akazichemsha dakika tano, kama afanyavyo kila siku. Njia hiyo hukunjua protini zote. Kwa rangi ya kawaida ya protini hilo si tatizo, lakini rangi yetu inategemea kimeng'enya kufanya kazi kikiwa ndani ya jeli. Tuliua kile tulichokuja kukitazama. Mimi nilikuwa nimesimama hapohapo na sikuona.

Marekebisho: hakuna SDS, hakuna DTT, hakuna kuchemsha. Sampuli zinakaa kwenye barafu, jeli inaendeshwa kwenye chumba cha baridi cha nyuzi 4, na wakati wa kupasua seli tunatikisa sekunde 30, tunapumzisha kwenye barafu dakika nzima, mara sita. Tukitikisa mfululizo mrija hupata joto mkononi.

17 Februari: jeli ya 2, nyekundu yote

Safari hii rangi ilikuja, ila ilikuja kila mahali. Jeli nzima iligeuka nyekundu ndani ya nusu dakika ya kuchemka.

Tulidhani ni tetrazoliamu mbovu, tukapoteza siku mbili kuitafuta nyingine. Jibu likatoka kwenye karatasi ya glukosi. Niliichovya kwenye maji yetu ya sukrosi, yale ambayo jeli huloweshwa kabla ya rangi, ikabadilika mara moja. Sukrosi haipaswi kuibadilisha. Maji yale yalitengenezwa kwa kuchanganya sukrosi na bafa ya asetati ya pH 5.1, kisha yakawekwa kwenye otoklevu ili yasiote wadudu. Asidi na joto kali huivunja sukrosi bila msaada wa kimeng'enya chochote. Jeli ilikuwa imeloweka glukosi tangu mwanzo.

Marekebisho: sukrosi ya molari 0.1 inatengenezwa asubuhi ya kazi, haichemshwi, inachujwa kwa chujio laini, na haitumiki kabla ya kupimwa kwa karatasi. Tumeandika sharti hilo kwa kalamu nene kwenye chupa yenyewe.

21 Februari: jeli ya 3

Rangi ni nzuri sasa, lakini kila kitu kimejikusanya juu, mlangoni mwa vishimo. Jeli ilikuwa ya asilimia 10, na invatasi iliyovishwa sukari huungana mbilimbili na zaidi, ni kitu kikubwa. Tumeshuka hadi asilimia 5.5. Jeli ya namna hii huchanika kwa kuiangalia tu. Inyanyue kwa karatasi ya plastiki, usiishike kwa vidole.

Jambo lingine dogo: bafa ya kuendeshea jeli ina kemikali ya Trisi, nayo huizuia invatasi. Suuza jeli kwa asetati baridi mara mbili, dakika kumi kila mara, kabla ya kuiweka kwenye sukrosi. Mistari iling'aa zaidi baada ya hapo.

2 Machi: jeli ya 4, mstari mmoja

Jeli hii nusura itupotoshe. Ulionekana mstari mmoja, mwembamba, chini, na juu hapakuwa na kitu. Mwenzangu alisema hamira yetu haisafirishi. Nikakubali, hata nikaandika barua ya kuomba hamira nyingine.

Kabla ya kuituma nilikaa nikajiuliza mstari ule ni nini hasa. Ulikimbia kuliko nilivyotarajia, kwa hiyo ni mwepesi, hauna sukari. Huo ni ule wa saitoplazimu, unaotokana na mRNA fupi. Basi mRNA fupi ipo na ndefu haipo. Hapo nikakumbuka: mRNA fupi hutengenezwa kidogokidogo wakati wote, lakini ile ndefu huzimwa kabisa glukosi ikiwa nyingi. Hamira haihangaiki kuvunja sukrosi ikiwa sahani imejaa chakula kilicho tayari.

Tulikuwa tunakuza seli kwenye glukosi ya asilimia 2, tunazikusanya kwa sentrifuji, tunamwaga maji, tunaongeza chakula chenye glukosi ya asilimia 0.1. Lakini tulikuwa hatuzisuuzi. Maji yaliyosalia kati ya seli yalibeba glukosi ya kutosha kuifanya 0.1 kuwa zaidi ya maradufu.

Marekebisho: suuza seli mara mbili kwa maji safi, ndipo uziweke kwenye asilimia 0.1, na uzipe saa mbili. Ukiona mstari mmoja tu wa chini, usilaumu usafirishaji kabla hujapima glukosi iliyobaki.

9 Machi: jeli ya 5

Mistari miwili. Chini ule mwembamba wa saitoplazimu, na juu wingu jekundu pana lisilo na mipaka, ndiyo invatasi ya nje. Nilikaa naitazama hadi maji ya asidi ya kuzuia rangi yakapoa.

Upana wa wingu si uchafu wa kazi. Molekuli hizo zina mnyororo uleule wa asidi amino, lakini idadi ya manosi, sukari inayovishwa, hutofautiana toka moja hadi nyingine. Mnyororo wa protini husomwa kutoka kwenye maagizo, herufi kwa herufi. Sukari haina maagizo ya aina hiyo. Huongezwa na vimeng'enya vinavyokutana na protini njiani, kimoja baada ya kingine, na matokeo yanategemea ilikaa wapi na kwa muda gani. Ndiyo maana protini yenye sukari huonekana kama wingu na isiyo na sukari huonekana kama mstari.

Angalizo kwa atakayetaka kupima uzito kwa jeli hii: usijaribu. Kwenye jeli isiyo na SDS mwendo unategemea pia chaji, umbo na idadi ya vipande vilivyoungana. Jeli hii inajibu "zimetofautiana?" Haijibu "kwa kiasi gani?"

14 Machi: kupima nje na ndani bila jeli

Kipimo hiki ningekifanya cha kwanza kama ningejua. Chukua seli nzima, zipe sukrosi, pima glukosi inayotokea. Sukrosi inavunjwa nje ya utando, kwa hiyo glukosi inayoonekana ni kazi ya invatasi iliyokwisha kutoka na kukaa kwenye ukuta wa seli. Kisha pasua seli za kiasi kilekile upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo iliyobaki ndani.

Ili seli zisile glukosi tunayotaka kuipima, tuliongeza azidi ya sodiamu. Karatasi zikasoma sufuri kila mahali, hata kwenye glukosi safi tuliyoweka wenyewe. Rangi ya karatasi hizi hutokana na kimeng'enya cha peroksidasi, na azidi huizima. Tumebadili kwenda floridi ya sodiamu, milimolari 10, na karatasi zimerudi kusoma. Kila siku ya kazi tunachovya karatasi kwenye glukosi ya viwango vinne vinavyojulikana, kwa kuwa zilitengenezwa kwa majimaji ya aina nyingine na namba zake haziaminiki hivihivi.

23 Machi: jeli ya 6, sec18 isiyoziba

Tumeingia kwenye kiini cha mradi. Hamira ya sec18 ikipelekwa nyuzi 37 wakati uleule inapopunguziwa glukosi, invatasi mpya itaingia kwenye retikulamu na isiweze kutoka. Tulitarajia mstari wa katikati, na juu pasiwe na kitu.

Katikati palikuwa na mstari. Juu palikuwa na wingu vilevile, karibu nusu ya lile la hamira ya kawaida.

Tulichunguza kila kitu kabla ya kuchunguza joto. Hatimaye niliweka kipimajoto ndani ya chupa yenyewe, si ndani ya inkubeta, nikasubiri. Chupa ya mililita 50 kwenye inkubeta ya hewa ilichukua dakika 25 kufika nyuzi 37. Kwa dakika hizo zote mlango ulikuwa wazi, na invatasi ilikuwa inapita.

Marekebisho: bafu la maji, na chakula chenyewe kipashwe moto kabla ya seli kuingia. Seli zilizosuuzwa zinamwagwa ndani ya chakula kilichokwisha kuwa nyuzi 37, chupa ndogo, ujazo wa mililita 10. Kasoro ya sec18 hufanya kazi ndani ya dakika chache. Aliyechelewa ni sisi.

30 Machi: jeli ya 7

Mstari wa katikati, mmoja, uliokazana, na juu weupe mtupu. Kwenye safu ya pembeni hamira ya kawaida iliyopitia nyuzi 37 hizohizo ina wingu lake lote. Kipimo cha karatasi kinakubaliana na jeli: seli nzima za sec18 karibu hazivunji sukrosi, zikipasuliwa zinaivunja sana. Kimeng'enya kipo, kimekunjwa vizuri, kinafanya kazi. Kimefungiwa tu.

Hebu nieleze kwa nini huu ni mstari wala si wingu, maana ndilo jambo ninalotaka mwanafunzi aondoke nalo.

Ndani ya retikulamu sukari hazianzi kujengwa juu ya protini moja moja. Seli hujenga kwanza fungu zima juu ya mafuta ya dolikoli kwenye utando: N-asetiliglukosamini 2, manosi 9, glukosi 3, jumla 14. Protini inapopenya, fungu lote huhamishwa kwa mkupuo mmoja na kubandikwa kwenye asidi amino ya asparajini. Si kila asparajini. Ni ile inayofuatwa na asidi amino yoyote isipokuwa prolini, kisha serini au threonini. Invatasi ina mahali 14 penye mpangilio huo. Baada ya kubandikwa, glukosi zote tatu huondolewa na manosi moja hufuata. Kuondolewa kwa glukosi ni sehemu ya ukaguzi wa kukunjika. Hadi hapo molekuli zote zimepewa fungu la aina moja na kukatwa kwa namna moja, ndiyo maana zinatembea karibu pamoja.

Wingu linatengenezwa Golgi. Huko kimeng'enya cha Och1 huweka manosi ya kwanza ya tawi la nje, vingine vinafuata, na tawi linarefuka hadi makumi ya manosi. Kwa hiyo tofauti kati ya mstari wetu wa katikati na wingu letu la juu ni safari moja fupi ya vifuko vinavyobeba protini kutoka retikulamu hadi Golgi. Hamira zote mbili zina Golgi na vimeng'enya vyake. Kwenye sec18 protini tu haifiki.

13 Aprili: jeli ya 8, tunikamisini iliyochelewa

Tunikamisini huzuia hatua ya kwanza kabisa ya kulijenga lile fungu juu ya dolikoli. Bila fungu hakuna cha kubandika, kwa hiyo invatasi inayoingia retikulamu inapaswa kubaki uchi na kukimbia karibu na ule wa saitoplazimu.

Tuliitia mikrogramu 10 kwa mililita, wakati uleule tulipopunguza glukosi. Hakuna kilichobadilika ila wingu kupungua kidogo. Hii ndiyo dawa ghali kuliko zote kwenye mradi, na tulikuwa tumemaliza theluthi yake.

Tulichosahau ni kwamba seli huwa na akiba ya mafungu yaliyokwisha kujengwa. Dawa huzuia ujenzi mpya, haigusi yaliyopo. Invatasi ya kwanzakwanza ilivishwa kwa akiba.

27 Aprili: jeli ya 9

Tunikamisini dakika 30 kabla, ndipo glukosi ipunguzwe, dawa ikiendelea kuwepo. Tumefanya kwa nyuzi 25 na 37, hamira ya kawaida tu.

Wingu limetoweka kwenye zote mbili. Kwa nyuzi 25 mstari wa chini umenenepa sana. Kwa nyuzi 37 haukunenepa, na jumla ya kimeng'enya kilichopimwa imeshuka mno, hata baada ya kupasua seli. Mwanzoni nilidhani tumekosea kupasua. Tukarudia, ikawa vilevile. Maelezo yanayolingana ni kwamba invatasi isiyo na sukari kwenye joto haikunjiki vizuri, inashikamana na nyenzake na kupoteza kazi. Kwenye ubaridi nyingine hufaulu.

Matokeo haya yalibadilisha namna ninavyofundisha. Nilizoea kusema sukari ni "lebo". Sasa nasema kwanza husaidia protini kukunjika na kubaki imeyeyuka. Kazi nyingine zinafuata.

11 na 18 Mei: jeli ya 10 na 11, Endo H

Hapa tunaenda kinyume: badala ya kuzuia sukari, tunaikata. Endo H, kimeng'enya cha kukata sukari, hukata kati ya zile N-asetiliglukosamini mbili za shina na kuacha moja juu ya asparajini. Sukari za aina hii za hamira zote ni za manosi nyingi, kwa hiyo inazikubali zote.

Jeli ya 10 haikuonyesha mabadiliko yoyote. Tulitumia bafa ya pH 7.5 iliyokuwa karibu, iliyokusudiwa PNGase F, kimeng'enya kingine cha kukata sukari. Endo H inataka karibu pH 5.5. Hakuna zaidi ya kusema.

Jeli ya 11, kwa bafa sahihi: wingu liliteremka, lakini halikufika chini. Lilikuwa mistari michache iliyokaribiana juu ya ule wa saitoplazimu. Tulirefusha muda hadi usiku kucha, ikabaki palepale. Baadhi ya minyororo ya sukari imejificha kwenye mikunjo ya protini na mkasi haufiki. Kuifikia yote ni lazima protini ikunjuliwe kwa SDS, na tukiikunjua tunapoteza rangi. Jeli ya 1 imerudi kutudai.

25 Mei: jeli ya 12

Njia ya kutokea: tumeacha rangi ya kimeng'enya kwa jeli hii moja. Tumechukua invatasi ya hamira iliyosafishwa ya dukani, tukaikunjua kwa SDS na DTT kwenye maji yanayochemka dakika 10, tukapoza, tukarekebisha pH kuwa 5.5, tukatia Endo H saa tatu kwa nyuzi 37, tukaendesha jeli ya SDS na kutia rangi ya kawaida ya protini.

Bila Endo H kuna wingu linaloanza karibu kilodaltoni 100 (kipimo cha uzito wa molekuli) na kupanda. Baada ya Endo H kuna mstari mkali mmoja juu kidogo ya 60, na mwingine mdogo wa 29 ambao ni Endo H yenyewe, usije ukaushangilia. Mnyororo wa asidi amino peke yake una karibu kilodaltoni 59. Uzito wote uliozidi hapo, unaokaribia wa protini yenyewe na pengine kuuzidi, ulikuwa sukari.

1 Juni: gharama hadi sasa

Wiki 17, mtu mmoja na nusu. Jeli 12, na zinazofaa kuonyeshwa ni tano: ya 5, 7, 9, 11 na 12. Tunikamisini nusu ya chupa, theluthi yake bure. Siku mbili kwa tetrazoliamu isiyo na kosa. Karatasi za glukosi 140, na hizo sizijutii hata moja. Anayerudia kwa kufuata marekebisho ya hapo juu atatumia jeli tano au sita na wiki nne. Ukilazimika kupunguza, acha tunikamisini na Endo H. Jeli ya 5 na ya 7 peke yake zinatosha darasa.

8 Juni: jeli ya 13, kufungua mlango

Swali la mwisho: mstari wa katikati ni invatasi iliyo njiani kweli, au ni iliyoharibika ikakwama? Ikiwa iko njiani, tukirudisha sec18 kwenye nyuzi 24 inapaswa kuendelea na safari. Tulitia sikloheksimidi, mikrogramu 100 kwa mililita, ili protini mpya isitengenezwe, tukashusha joto, tukachukua sampuli kila dakika 20.

Ilisogea kidogo tu. Baada ya saa nzima wingu la juu lilikuwa kama kivuli. Seli zilikuwa zimekaa saa mbili kwenye glukosi ya asilimia 0.1 na karatasi inasoma sufuri: zimeishiwa. Kusafirisha vifuko ni kazi ya nguvu, na hatukuwapa nguvu.

15 Juni: jeli ya 14

Glukosi asilimia 2 wakati wa kurudisha joto. Ileile iliyotuharibia jeli ya 4 safari hii inatusaidia mara mbili, maana inazipa seli nguvu na papo hapo inaizima mRNA ndefu, kwa hiyo hata sikloheksimidi ikivuja hakuna invatasi mpya ya nje.

Safu ya kwanza, dakika 0: mstari wa katikati pekee juu ya ule wa saitoplazimu. Dakika 20: mstari umefifia, juu kuna ukungu. Dakika 40: vinalingana. Dakika 60: wingu kamili, katikati alama tu. Mstari wa chini kabisa haukusogea hata nywele katika safu zote nne. Haukuwahi kuingia retikulamu, hauna pa kwenda. Kipimo cha karatasi kwenye seli nzima kimepanda sambamba, sampuli kwa sampuli.

Jeli imekaushwa kati ya plastiki mbili na kubandikwa karibu na dirisha la maabara. Sampuli zilizobaki ziko kwenye nyuzi hasi 20, kisanduku cha juu, mirija yenye vifuniko vyekundu.